Sweta la Bi LaVonne

Kitu cha kwanza nilichokichukia kwa Bi LaVonne Kubicek ni sweta lake. La kijivu, la kufuma, vifungo vitatu, cha nne alishakipoteza. Juni ya Nebraska, huku Marekani, jua linawaka mpaka mbwa wanaona uvivu kubweka, na yeye ndani ya kigari chake cha kazi amevaa sweta. Mimi kwenye kigari cha pili, cha mwaka uleule, rangi ileile, shati nimelivua nikalitundika kwenye kioo kama bendera ya mtu aliyeshindwa vita.

Mji wetu una vigari viwili hivyo, vyenye kabini ya vioo na kiyoyozi, na mashine ya kufyeka imefungwa mbele. Kimoja chake, kimoja changu. Tunafyeka makaburi, uwanja wa besiboli, na ukingo wa mto mpaka darajani. Kiyoyozi changu kilipuliza pumzi ya mbwa. Chake kilipuliza Desemba ya theluji.

"Umemjazia gesi yeye, mimi umeniruka," nilimwambia bosi wetu, Dwight Sojka.

"Vyote vilijazwa siku moja," Dwight akasema, mdomo umejaa kolachi ya plamu, ule mkate mtamu wa Kicheki. "Halafu wewe Trace Vondra si ulisomea mambo hayo? Jitibu."

Hapo alinitia chumvi kwenye kidonda. Nilisomea majokofu na viyoyozi, mihula mitatu kati ya minne. Muhula wa nne na mimi hatukuelewana. Kwa hiyo kondensa naijua, ile rejeta nyembamba iliyo mbele ya rejeta ya injini, inayotupa joto la kabini nje. Hewa isipopita kwenye mapezi yake, vile vibati vyembamba vilivyopangana, baridi husikii. Naweza kukuchorea. Kuchora sijawahi kufeli.

Wiki ya Siku za Kolachi, sherehe ya mji wetu, ilipofika, Dwight akatangaza kwamba Julai kinakuja kigari kipya. Kiti chake kinapuliza ubaridi mgongoni. "Atakayemaliza wiki hii bila mashine yake kuzimika kwa joto, ndiye atakayekipata. Mkimaliza wote, mkubwa kwa umri."

Mkubwa kwa umri! Bi LaVonne ana miaka sitini na kitu. Kwa hiyo nilihitaji nimalize, na yeye azimike. Nilianza kuota kile kiti. Mgongo wangu ulikiota.

Nikaanza kumchunguza. Kila nusu saa alisimama, akakigeuza kigari kiupe upepo mgongo, akazima injini, akashuka na brashi ya kusugulia farasi, akapiga brashi mbele yake. Nilidhani ni uzee, anapumzisha magoti. Halafu nikaona kitu mbele ya kigari chake: kipande cha wavu wa dirisha, kimeshikizwa kwa sumaku, ukingo umeshonewa kitambaa cha pazia chenye majogoo wekundu. Nikasema, aha, siri ndiyo hiyo, nyasi haziingii.

"Bi LaVonne, hicho umekinunua wapi?"

"Sikununua, nimeshona."

"Nishonee na mimi basi."

"Nikikushonea, utakipiga brashi?"

"Ndiyo."

"Kila nusu saa?"

Nikacheka. "Bi mkubwa, nimekuja kufyeka, sikuja kuchana mbuzi nywele."

"Basi hukihitaji." Akapandisha kioo. Kupitia kioo nikamwona anafunga kifungo cha juu kabisa, taratibu, kama ananifungia mimi.

Mji mzima unajua kwa nini yuko hivyo. Alipokuwa na miaka kumi na tano, mashine ya kuvunia ya baba yake iliwaka moto katikati ya ngano kwa sababu ya makapi yaliyojazana kwenye rejeta. Ngano yote ikaenda, na shamba likafuata mwaka uliofuata. Tangu siku hiyo hawezi kuona makapi kwenye chuma akapita. Hadithi hiyo naijua tangu shule ya msingi. Haikunizuia.

Alhamisi alipoingia kuweka mikate ya kanisa kwenye jokofu la ofisi, niliuchomoa ule wavu nikaubandika kwangu, majogoo nimewakunja kwa ndani. Nikaenda mtoni, kwenye ile miti inayomwaga pamba hewani mwezi wa Juni mpaka unadhani theluji imepotea njia.

Dakika ishirini za kwanza, raha! Baridi, au nilijiaminisha. Nililivaa shati. Dakika ya thelathini nikalivua. Ya arobaini, kiyoyozi kikaanza kunipulizia supu. Mshale wa joto ukapanda, nikaufunika kwa kofia ili tusiangaliane. Kisha taa nyekundu, kisha kimya. Injini ilizimika mbele ya akina mama waliokuwa wanapanga viti vya sherehe, na mmoja akapiga makofi.

Bi LaVonne akaja taratibu. Bila wavu, na sweta mwilini: alikuwa anasimama kila robo saa badala ya nusu, basi. Akashuka, akaingiza mkono mbele ya kigari changu, akavuta kitu kinene, cheupe, kama ngozi ya kondoo. Akakikung'uta. Majogoo wakatokea.

"Hawa nawajua," akasema. "Walikaa dirishani jikoni kwangu miaka kumi na tisa."

"Niliazima tu."

"Umeazima, ukakivisha kigari chako blanketi." Akafungua nyuma ya kondensa, akawasha kipuliza majani, akapuliza kutoka ndani kwenda nje. Likatoka wingu la nyasi kavu. "Hizi za mwaka jana. Wewe ulikuwa unapulizia kutoka mbele?"

"Kwa kompresa ya upepo."

"Ukazishindilia ndani. Maji je, ulimwaga?"

"Kidogo."

"Kumbe ulikanda unga! Huko chuoni walikufundisha mapishi, mtoto wa Vondra?"

Akina mama wakacheka mpaka viti vikaanguka. Nami nilimtazama yeye. Hakuwa na tone la jasho. Hata wakati ananiokoa nilimwonea wivu.

Habari za wavu hakumwambia Dwight. Hakukuwa na haja, mji mzima ulinishuhudia nikikokotwa kwa trekta. Kigari kipya kikawa chake, mimi nikarithi chake cha zamani, pamoja na wavu wa majogoo, brashi ya farasi, na lile sweta kwenye ndoano ya kabini.

"Umesahau sweta lako," nikamwambia.

"Sijasahau. Ukijua kupiga brashi, utalihitaji."

Sasa ni katikati ya Julai. Nasimama kila nusu saa. Haya, kila dakika arobaini. Nakigeuza kigari kiupe upepo mgongo, nazima injini, napiga brashi kutoka juu kwenda chini kufuata mapezi, na kipuliza majani naanzia ndani. Bi LaVonne akinipita ananyanyua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, kama tunavyosalimiana hapa, mgongo wake ukipulizwa na kile kiti changu. Ana sweta jipya, la bluu, vifungo vyote vinne.

La kijivu bado liko kwenye ndoano. Jana asubuhi, kiyoyozi kikinipulizia Desemba, niliingiza mkono mmoja.