Anayesita Mlangoni

Lorna Haskett aliacha ujaji wa mahakama ya shirikisho kule Omaha, lakini tabia moja ilimganda: akifika mlangoni husita kidogo, akingoja watu wasimame, kama walivyosimama jaji alipoingia mahakamani. Siku hizi hasimami mtu. Asubuhi husuluhisha ndugu wanaogombea shamba, kila mmoja chumba chake, naye hupita katikati akibeba maneno yao na kuyapunguza makali njiani. Alasiri hufundisha sheria, na wanafunzi huendelea kutafuna.

"Mheshimiwa, bado unakitamani kile kiti, eh?" mwanafunzi wake Dario alimtania, alipomwona amesita tena.

"Kiti kile kimeniharibu mgongo. Fungua kitabu."

Hakumwambia zaidi. Mumewe, Walt, fundi wa matrekta, ndiye aliyekuwa akiinuka kila asubuhi Lorna alipoingia jikoni, kijiko mkononi, uso mkavu.

"Wote tusimame," alikuwa akitangaza kama karani wa mahakama, nao walikuwa wawili tu.

"Kaa, mzee. Uji unapoa," Lorna alikuwa akimjibu.

Siku ile aliporudi nyumbani, alisita mlangoni mwa jikoni. Kiti cha Walt kilikuwa kimesukumwa chini ya meza, vilevile tangu mazishi.

"Kaa, mzee," akasema, ndipo akaingia.