Kulia kwa Nani?

Fundi cherehani alipanda boti akiwa na tepu ya kupimia shingoni, kwa mazoea tu, maana hiyo ilikuwa likizo yake ya kwanza tangu aolewe. Kiboti chenyewe kilikuwa cha mumewe, fundi mitambo mstaafu, aliyekikarabati uani miezi saba mpaka majirani wakachoshwa na harufu ya rangi. Walikuwa wanaambaa na pwani kwenda kumwona binti yao, safari ya siku mbili, bila haraka yoyote.

Lakini mama huyu alikuwa na lake moyoni. Macho ya mzee yalikuwa yanamtupa mkono. Alishamwona akimimina chai nje ya kikombe, akilisalimia koti lililotundikwa mlangoni, na kila mara lawama zikaenda kwa taa. Hakutaka kumuumbua. Alitaka aseme mwenyewe, kabla hajawazamisha wote wawili.

Bahari ilikuwa imetulia tuli. Ukungu mwepesi ulifuta mpaka wa maji na mbingu, ikawa kama wanaelea hewani. Ufukweni mapaa ya mabati yalipita taratibu, kisha nguo zilizoanikwa, kisha shule ambayo kelele za watoto ziliwafikia bila mtoto hata mmoja kuonekana. Kofia ya mzee ilichukuliwa na upepo wa ghafla, wakaizunguka mara tatu kabla ya kuiopoa kwa ufagio, wakicheka hadi mbavu zikauma. Mkate ulirowa maji ya chumvi, wakaula hivyo hivyo.

Mama alikaa mbele, amemgeukia mumewe aliyeshika usukani nyuma, akichungulia njia juu ya bega lake mwenyewe. Fungu la mchanga lilipojitokeza majini, jeupe kama shuka, akapaza sauti.

"Kulia! Pita kulia!"

Mzee akakata kushoto. Boti ikapanda mchanga kwa mkwaruzo mrefu, chupa ya chai ikabingirika.

"Nimesema kulia, bwana wewe!"

"Si umenigeukia mimi? Kulia kwako ni kushoto kwangu. Nikakugeuzia."

"Miaka thelathini napima watu! Kulia ni kwa anayepimwa, siyo kwa fundi!"

"Basi leo kulia ni kwetu sote," alisema mzee, na wakaangua kicheko wakiwa wamekwama.

Kicheko kilipoisha, mama alimtazama sana.

"Hata kama ningenyamaza, mume wangu. Fungu lilikuwa mbele yako, jeupe pee."

Mzee alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Sikuliona," alisema. "Hata sasa silioni, na tumelikalia."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zilizopita. Niliogopa utaniambia niiuze boti."

Mama alikasirika kwelikweli. Kisha hasira zikamwisha, akabaki na huruma. Walijilaza ubavu kwa ubavu juu ya mchanga wenye joto, wakasinzia, wakaamka, wakasinzia tena, hadi maji yalipojaa na kuinyanyua boti yenyewe.

Safari hii mama alishika usukani bila kuulizwa. Mzee alikwenda kukaa mbele, akamgeukia.

"Gauni hilo la bluu limekutoa kweli," alisema kwa sauti ya kubembeleza.

Mama alikuwa amelishona kwa ajili ya safari hii, na lilikuwa la kijani. Angeweza kusema asante yakaisha.

"Ni la kijani, mume wangu."

Mzee aliivua kofia, akaipakata.

"Basi nieleze na mengine," alisema.

Akamweleza. Ndege weupe wawili juu ya nguzo. Maji, mahali rangi yake ilipokuwa hafifu na ilipoanza kukolea. Mwanamke ufukweni anayekung'uta jamvi. Nywele za mzee mwenyewe, zilivyosimama upande mmoja. Kisha akataka kumweleza alivyo yeye, mkewe, uso wake ulivyochoka na kupendeza siku hiyo, lakini mzee akainua mkono.

"Huo niachie," alisema. "Huo ninao."