Kaltumu na Ukoo wa Methani

Kaltumu wa Koboko alikuwa msusi wa vikapu, mjane mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Hakuogopa nyoka wala askari. Kilichomnyima raha ni kimoja tu: jina asilolijua. Mgeni akipita mbele ya ua wake, sharti amuulize anaitwa nani na babake ni nani, ndipo arudi kwenye ukili wake.

Mwaka 1974, binti wa kaka yake, Madinah, aliyekuwa akisoma sekondari Arua, alikuja kwake likizo. Asubuhi moja msichana alikuwa anaosha sufuria huku akinong'ona, macho kayafumba: "Methani, ethani, propani, butani..."

Ukili ukamponyoka Kaltumu. "Madinah! Hawa iko nani?"

"Ukoo moja, shangazi," Madinah akajibu bila kufumbua macho. "Kaboni iko na mikono nne. Mkono moja ikikosa kitu ya kushika, hapana tulia hata kidogo."

Kaltumu hakuuliza tena. Alijifunga leso akaenda mbio kwa Mzee Fadhul, fundi wa kupunga majini aliyesifika hadi Abuku.

Fadhul akaja na chetezo kinachofuka moshi, anatafuna karafuu kwa bidii. Akamketisha msichana mkekani. "Nasikia uko na majina mingi kwa kichwa," akasema. "Taja yote."

Madinah akafurahi mno. Alidhani shangazi amemtafutia mwalimu wa kumsikiliza. Akataja majina yote kumi, toka methani hadi dekani, bila kukwama. Fadhul alizoea jini mmoja kwa mgonjwa mmoja, wakizidi sana wawili.

"Wanakaa wapi?"

"Kwa gesi, mzee. Kwa petroli. Kwa mafuta ya taa."

"Na... wanataka nini?"

"Oksijeni tu, na cheche kidogo ya moto. Hapo wanawaka wote, inabaki mvuke na hewa."

Fadhul akayatazama makaa ya chetezo chake. Akainuka taratibu, kama mtu aliyegundua kwamba amekalia mayai. "Hii yako iko kabila ingine," akamwambia Kaltumu, akaondoka kinyumenyume mpaka akaangukia banda la kuku.

Madinah alicheka hadi machozi, ndipo akaweza kueleza. Hawa ni hidrokaboni, akasema: kaboni na hidrojeni walioshikana mikono. Mwanzo wa jina unakwambia kaboni ni wangapi: meth ni mmoja, eth wawili, prop watatu. Mwisho wa jina unakwambia tabia. "Toa hidrojeni moja kwa ethani, weka oksijeni na hidrojeni pahali yake, mwisho inageuka. Sasa anaitwa ethanoli."

"Na huyu ethanoli, kazi yake nini?"

"Iko ndani ya pombe ya waragi, shangazi."

Kaltumu akainusa hewa iliyobaki pale mkekani. Karafuu ilikuwepo, lakini haikuwa peke yake. "Basi huyo namjua," akasema. "Alikuja na Fadhul."

Mwisho wa mwaka, mwanawe Asiya, aliyeolewa Arua, alijifungua mtoto wa nane. Kaltumu akapanda lori la tumbaku, akafika na vumbi hadi kwenye kope, akatangaza kuwa mtoto ataitwa Oktani, kwa sababu oktani iko na kaboni nane. Baba mtoto akasema hawezi kumwita mwanawe petroli. Mtoto akaitwa Hamuza, dua ikasomwa, wali ukaliwa.

Kaltumu hakubisha. Muda wote aliokaa pale alimbeba mjukuu kifuani, akimbembeleza kwa sauti yake ile: "Lala, Oktani wangu, lala." Majirani wakalizoea jina, wakawa wanapita kumwamkia Oktani. Siku Kaltumu anafunga mizigo, baba mtoto mwenyewe alisikika uani akifoka ni nani amechukua blanketi ya Oktani.