Siku Niliyofuta Simu ya Mwenzangu

Kabla sijapewa meza mjini Kisii, nilitembea Ekerenyo kwa miaka minane. Kampuni yetu ilinunua ndizi kwa wakulima wadogo, na kazi yangu kama afisa wa nyanjani ilikuwa kuwafuata shambani, kukagua migomba, kuwaambia siku ya lori na kusikiliza malalamiko. Simu niliyotumia nilikuwa nimeinunua mwenyewe, lakini wakulima ndio walioimiliki. Walinipigia nikiwa misani, nikiwa kwa wakwe, nikiwa kitandani na homa. Nililalamika kila siku. Sikujua kwamba kulalamika kule kulikuwa kujisifu.

Kisha nikapandishwa cheo, nikawa msimamizi wa maafisa wote wa nyanjani. Eneo langu akapewa msichana mmoja kutoka Manga. Ninasema msichana, lakini alikuwa mke wa mtu, mumewe akifanya kazi Uarabuni, na alikuwa na mtoto mchanga. Nilimpeleka Ekerenyo mwenyewe, nikamtambulisha mlango kwa mlango. "Sasa mtampigia huyu," niliwaambia. Walinitii kuliko nilivyotaka.

Haikupita miezi mitatu simu yangu ikanyamaza. Jumapili nilitoka kanisani nikaiangalia, hakuna aliyenitafuta. Siku moja nilienda kukagua kituo cha kukusanyia ndizi, nikamkuta bibi mmoja ambaye enzi zangu alikuwa akinifichia kichane cha ndizi mbivu kila nilipopita kwake. Alinisalimia vizuri, akaniuliza habari za watoto, halafu akaanza kuchungulia nyuma ya bega langu.

"Omoiseke oito hakuja leo?" aliuliza. Msichana wetu hakuja leo?

Katika miaka minane hakuna hata mmoja aliyeniita msichana wetu. Nilikuwa Madam wa ndizi, basi.

Tangu siku hiyo nilianza kumwangalia yule msichana kama mtu anayeangalia jirani aliyesogeza mpaka wa shamba. Niliona alivyocheka akiongea na wakulima. Niliona kwamba wale wasiojua kusoma aliwatumia ujumbe wa sauti, kwa Ekegusii, na mimi miaka yote niliwaandikia kwa Kiswahili, kisha nikawalaumu kwamba hawajibu. Kwenye mkutano wa Jumatatu mkurugenzi alisema, "Huyu wakulima wake hawauzii madalali. Muulizeni anafanyaje." Nilipiga makofi na wenzangu, kwa nguvu kuliko wote, ili mtu asinione.

Wakati huo huo afisa mwingine akaporwa simu sokoni. Ndani yake mlikuwa na picha za vitambulisho vya wakulima, na baada ya wiki chache wanawake wawili wakagundua kwamba kuna mtu amesajili laini kwa majina yao. Mkurugenzi aliogopa sana. Akaniita ofisini kwake, akaniambia niandike sheria za matumizi ya simu za wafanyakazi katika kazi ya kampuni.

Niliziandikia jikoni kwangu Kiogoro, jioni baada ya jioni, na nyingi zilikuwa nzuri. Hata leo ninazitetea. Picha ya kitambulisho isikae kwenye simu baada ya kutumwa ofisini. Simu ifungwe kwa namba ya siri. Watoto wasiichezee. Na kila simu inayofanya kazi ya kampuni iwekwe programu ya ofisi, ili ikipotea tuweze kuifuta tukiwa mbali. Fundi alikuja kutoka Nairobi, akaniwekea programu hiyo kwenye kompyuta yangu. Kila afisa alikuwa na ukurasa wake, na chini ya ukurasa kulikuwa na vitufe viwili. Cha kwanza kilifuta mambo ya ofisi peke yake. Cha pili kilifuta kila kitu, simu ikabaki kama ilivyotoka dukani.

"Hiki cha pili, Madam, ni pale simu iko kwa mwizi na hakuna njia nyingine," fundi alisema.

Siku ya kutia sahihi wengine walitia bila kusoma. Yeye peke yake alisoma karatasi yote, kidole kikifuata mistari, kisha akanitazama.

"Madam, simu ni yangu. Mtoto wangu wote yuko humu ndani, picha zake zote. Ofisi ikifuta, itafuta nini?"

"Ya ofisi tu," nilisema.

"Na bando? Picha za migomba zinanimalizia bando. Hata ile ya kuhifadhi picha zangu mtandaoni sijawahi kuiwasha."

"Hilo tutaliangalia."

Sikuliangalia. Alitia sahihi, akarudi Ekerenyo.

Ilikuwa Alhamisi, mvua ya alasiri ikigonga mabati, simu yangu ilipolia kwa namba nisiyoijua. Alikuwa yeye.

"Madam, ninakupigia kwa simu ya mtu wa boda boda. Yangu nimeisahau kwa bibi, nilikuwa nimeichomeka kwenye sola yake. Tumeshageuza, tunairudia. Sheria inasema niripoti ndani ya saa moja, ndiyo naripoti."

"Una hakika iko huko?"

"Iko. Nimeipigia, bibi mwenyewe ameshika. Amesema ataikalia kama kuku na yai." Akacheka.

Nilijua ni bibi gani. Nilimwona kabisa, ameketi barazani na ile simu mapajani, anamngoja msichana wake arudi. Nikakata simu, nikafungua kompyuta.

Sheria ilisema simu ikitoka mikononi mwa afisa ihesabiwe imepotea. Ile sentensi niliiandika mimi. Nilijiambia kwamba sheria isiyofuatwa ni karatasi tu, kwamba nikimwachia huyu nitawaachia wote. Nilijiambia mengi katika dakika ile. Nilifungua ukurasa wake. Kitufe cha kwanza kingetosha, na kwa kweli hata hicho hakikuhitajika. Nilibonyeza cha pili. Programu ikaniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo.

Kwa muda mrefu nilipoisimulia habari hii nilisema mkono uliteleza. Mkono haukuteleza. Nilitaka, hata kwa siku moja, asiwe na chochote mkononi ambacho mimi sina.

Alifika ofisini saa kumi na moja, viatu vimelowa, matope mpaka kwenye pindo la sketi. Aliiweka simu mezani kwangu. Kioo kilikuwa kikimwomba achague lugha.

"Sheria inasema simu ikitoka mikononi…" nilianza.

"Sijauliza sheria, Madam. Imekuwa hivi ikiwa mkononi mwa bibi. Anafikiri ameiharibu yeye. Nimemwacha analia." Akaisogeza simu karibu nami. "Inaweza kurudi?"

"Hapana."

Alikaa kwenye kiti cha wageni. Nilitegemea apige kelele, na nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Aliifuta mvua kwenye kioo cha simu kwa kiganja, akasema kwa sauti ya chini, kama anayemweleza mtu mwingine, "Alianza kutembea mwezi uliopita." Kisha akaichukua na kuondoka.

Mkurugenzi aliposikia alinisifu mbele ya watu. Alisema huo ndio usimamizi, sheria haina rafiki. Sifa hiyo niliingoja mwaka mzima. Mkutano ulipoisha nilienda chooni, nikajifungia humo mpaka wenzangu walipotawanyika.

Jumatatu alikuja na kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, ambayo hata kamera haina.

"Madam, nimeisoma tena ile karatasi," aliniambia kwa adabu. "Hakuna mahali imesema ni lazima afisa atumie simu yake mwenyewe. Ile yangu sasa inakaa nyumbani."

Ilikuwa kweli. Sote tulikuwa tumekubali tu, tangu siku ya kwanza, kwamba simu ya mfanyakazi ni ya kampuni pia, na hakuna aliyewahi kuuliza.

Kabambe ilikuwa na laini mpya, haikuwa na namba ya mkulima yeyote, wala wakulima hawakuwa na namba yake. Basi wakaanza kupiga simu ya ofisi, iliyokuwa juu ya meza yangu. Ililia kuanzia asubuhi. Ekerenyo nzima ilirudi masikioni mwangu, kama nilivyokuwa nikitamani, na kila mmoja aliomba kitu kimoja: nipe omoiseke oito.

"Ni mimi, mama," nilimwambia mmoja. "Ni mimi niliyetembea huko miaka minane. Niambie mimi."

"Ninakujua, mwanangu, sauti yako ninaijua," alijibu kwa upole. "Yeye yuko?"

Wiki ya tatu akapiga yule bibi. Majani ya migomba yake yalikuwa yanageuka manjano na kulegea, na ndizi zinaiva kabla ya wakati. Ulikuwa mnyauko, ugonjwa unaoweza kumaliza shamba zima na kuruka kwa jirani. Nilimwambia yule msichana twende pamoja. Gari la kampuni lilituacha barabarani, tukapanda kwa miguu, udongo unateleza, yeye mbele na mimi nyuma. Labda kwa sababu sikuuona uso wake, nikasema.

"Siku ile nilijua simu iko salama. Na kulikuwa na kitufe kingine, cha kufuta ya ofisi tu."

Hakusimama. "Nilijua, Madam. Nilipoingia ulianza na sheria kabla sijafungua mdomo. Nisichokijua ni kwa nini. Nilikukosea wapi?"

"Hukunikosea. Walikupenda."

Hapo akasimama, akageuka. "Huko ndiko kupenda? Kunipigia nikinyonyesha? Kunipigia nikimzika shangazi?" Alinitazama kama mtu anayejaribu kusoma mwandiko mbaya. "Ungeniambia tu. Ningekupa nusu."

Bibi alitupokea kwenye kiambo chake, na kabla hajatuonyesha migomba alinijia mimi, mikono ameikunja kifuani. Aliniomba nisimfukuze msichana kazi. Akaapa hakuigusa simu ile ila kuipangusa vumbi. Ikabidi nimwambie. Nilimwambia kwa Ekegusii, kwa sababu kwa Kiswahili ningepata pa kujificha: si yeye aliyeiharibu, ni mimi, na nilifanya kwa kusudi. Hakunitukana. Alisema tu, "Kumbe," akamshika mwenzangu mkono, wakatangulia shambani. Siku nzima tulikata migomba iliyougua, tukachoma visu kwa moto kila baada ya mgomba ili tusiubebe ugonjwa, na bibi hakunisemesha tena ila kunielekeza pa kupita.

Kesho yake nilimweleza mkurugenzi yote. Aliniandikia barua ya onyo, ambayo imo katika faili yangu mpaka sasa, na akataka sheria ziandikwe upya. Nilimwomba yule msichana tuziandike pamoja. Alikubali, akakaa upande wa pili wa meza na kalamu yake. Kile kitufe cha pili kiliondolewa kwa simu zote za watu binafsi. Mfanyakazi asilazimishwe kutumia simu yake. Namba za wakulima zikae ofisini pia, si kwa mtu mmoja. Ilichukua miezi, lakini maafisa walinunuliwa simu za kazi, nao wakaruhusiwa kuzizima saa kumi na moja jioni. Wakulima walinung'unika, kisha wakazoea.

Video ya mtoto akitembea ilipatikana, kwa kuwa alikuwa amemtumia mumewe, na picha nyingine pia. Lakini zile za miezi ya mimba, alizojipiga peke yake asimtumie mtu, hazikupatikana. Aliniambia hilo mara moja tu, nilipomuuliza.

Alikaa nasi mwaka mmoja zaidi, akapata kazi kubwa Nyamira. Kwenye kuagana niliambiwa nitoe hotuba. Nilimsifu, na kila neno lilikuwa la kweli, na bado wakulima waliokuja kutoka Ekerenyo walipomzunguka na kumvika maua, kitu kilinichoma mahali pale pale. Nilidhani kukiri kungekiondoa. Hakikuondoka. Nimejifunza tu kukijua kinapokuja, na kutokaribia kompyuta.

Huwa tunakutana mjini Kisii. Yeye hupunguza mwendo, hunisalimia, huuliza habari za ofisi. Bado ananiita Madam, ingawa cheo chake kimeshanipita. Ningependa aache, ila sijapata namna ya kumwambia.