Kumuaga Mtoto Akiwa Macho

Katika nyumba ile ya Aziziya, Jeddah, wafanyakazi waliondoka mchana, mtoto akiwa amelala. Ndiyo iliyokuwa desturi. Mkataba wa miaka miwili ukiisha, begi lilishushwa mapema na kuwekwa garini, mtoto akalishwa, akaogeshwa, akalazwa, kisha aliyemlea akatoka kwa mlango wa jikoni, viatu mkononi. Mtoto alipoamka alimkuta mwanamke mwingine kando ya kitanda. Watu wazima waliona ni huruma. "Asilie," walisema.

Mimi nilikuwa yule mwanamke mwingine.

Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na miezi michache. Alinitazama, hakulia. Alishuka kitandani akaenda kumtafuta yaya wake nyuma ya pazia, halafu ndani ya kabati la nguo, halafu jikoni, ambako alifungua mashine ya kufulia, akaingiza kichwa na kuita humo ndani. Aliita kwenye mashine ile siku kumi na moja. Kisha akaacha, na yale maneno machache aliyokuwa nayo akayaacha pia. Tangu hapo hakutaka tena kulala mchana. Jua likiwa limeiva juu ya paa, nyumba nzima imezimika, AC inanguruma, yeye alikuwa macho, ameshika pindo la dera langu, kope zikimwangukia naye akizipandisha. Usingizi ulipomshinda, alishtuka baada ya dakika chache na kuanza kupapasa shuka mpaka mkono wake unipate.

Walimpima masikio, wakampima koo, wakampima damu. Hakuna kilichoonekana.

Na kazi ya mama yake, madam wangu, ilikuwa hiyo hiyo ya kupima watoto. Madam alikuwa daktari wa watoto aliyetoka kliniki akaingia ofisini. Yeye na wenzake wa Riyadh walikuwa wakijenga mpango wa afya ya watoto wadogo, uenee mikoa yote: mtoto akiletwa chanjo, nesi asiishie kupima uzito na urefu, aulize pia kuhusu maisha ya nyumbani. Kuna ugomvi? Kuna anayempiga? Akiogopa, nani humbeba? Majibu yakitia wasiwasi, familia ipate mtu wa kuitembelea na kuisaidia mapema. Mara nyingi madam alikuwa akisoma maswali yake kwa sauti kwenye meza ya jikoni huku mimi nikichambua mchele, na kwa kuwa hapakuwa na msikilizaji mwingine, alinieleza mimi, kwa Kiingereza kilichochanganyika na Kiarabu.

"Hofu yenyewe si ugonjwa," alisema siku moja. "Mbwa akibweka mtoto anaogopa, unambeba, moyo unatulia, halas, imeisha. Lakini akiogopa na hakuna wa kumbeba, leo, kesho, mwezi mzima, ile hofu inakaa mwilini. Inakuwa sumu. Inakula usingizi, inakula maneno."

Usingizi na maneno. Mikono yangu ilisimama juu ya sinia. Nilisubiri asikie alichokisema mwenyewe. Alifungua ukurasa mwingine.

Wiki mbili kabla mkataba wangu haujaisha, alikwenda Riyadh kuijaribu fomu ya maswali yake, akatuchukua, mimi na mtoto. Kliniki ilikuwa ndogo, korido yenye viti vya plastiki na picha za twiga ukutani. Kila mama aliingia kwa nesi na mtoto wake, na yaya nyuma yao akiwa na mkoba wa nepi. Nesi akauliza, "Analala saa ngapi?" Mama akageuka nyuma. Yaya akajibu. "Anakula mwenyewe?" Mama akageuka tena. Madam, aliyesimama pembeni na kalamu yake, alivumilia siku ya kwanza. Siku ya pili akatoa amri: yaya abaki nje, mama ajibu peke yake. Alisema majibu ya watu wawili yatamharibia kazi.

Basi korido ikajaa mayaya. Kando yangu alikaa dada mmoja wa Kitale, mwaka wake wa nne Riyadh. Mlango haukufungwa vizuri, na tulisikia kila kitu.

"Sikia huyo wangu," alininong'oneza. "Anaulizwa mtoto alianza kutembea lini. Eti Ramadhani! Ramadhani gani na mama mwenyewe alikuwa Dubai? Alitembea kwa mikono yangu, jikoni, nikaunguza wali juu ya furaha."

"Ingia umwambie nesi."

"Nimwambie kama nani? Mimi ni mkoba wa nepi, siz. Mkoba hauongei."

Tulicheka tukijifunika midomo kwa mitandio. Kisha nesi akafika swali la kumi na nne: je, mtoto amewahi kutenganishwa na mtu anayemlea kila siku? Mama akajibu hapana. Akaingia mwingine, hapana. Akaingia wa tatu, naye hapana, upesi, kama swali lisilomhusu.

"Huyu ninayemlea, mimi ni yaya wake wa tatu," alisema dada wa Kitale. Hakuwa anacheka tena.

Siku hiyo tuliporudi kwenye fleti tuliyopangishiwa, madam alijaza fomu moja yeye mwenyewe, kwa ajili ya binti yake, apime inachukua dakika ngapi. Akaenda kujitilia kahawa. Nilikuwa napangusa meza. Fomu ilikuwa na Kiarabu upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, na kwenye swali la kumi na nne alikuwa ametia alama: hapana.

Zilikuwa zimebaki siku kumi niondoke. Pasipoti yangu ilikuwa kwenye droo ya baba, mume wake, kafili wangu, mwenye kibali changu cha kazi. Karatasi ya ruhusa ya kutoka ilikuwa bado haijatolewa. Niliwajua wanawake ambao safari zao zilisogezwa mbele kwa sababu ya jibu moja la mdomo. Bado nikasema.

"Madam, hapa si sawa."

"Wapi?"

Niliweka kidole.

"Sijawahi kumwacha mtoto wangu," alisema. "Hata nikisafiri namchukua. Si unaona?"

"Si wewe, madam. Ni yaya aliyekuwa kabla yangu. Na mimi, Jumapili ijayo."

"Mfanyakazi ni mfanyakazi. Anaondoka, anakuja mwingine."

"Mtoto hajui mkataba. Alimtafuta kwenye mashine ya kufulia siku kumi na moja. Nilizihesabu."

Aliweka kikombe chini polepole. Mtoto alikuwa sakafuni kati yetu, akipanga vifuniko vya chupa kwa mstari, akitutazama mara huyu, mara yule.

"Unataka nini?" aliuliza.

"Nimuage akiwa macho."

"Alie mpaka atapike? Mafi. Hapana."

"Alie ukiwa umembeba."

Alivua miwani. Sikuwahi kumwona akinitazama hivyo, macho makavu, ya daktari anayetafuta kidonda kilipo. "Na wewe una binti kwenu. Ulipokuja huku, ulimuaga?"

Ningeweza kudanganya. Hakuna aliyekuwepo siku ile nyumbani kwetu Nakuru isipokuwa mama yangu, aliyenishikia mlango usilie.

"Hapana, madam. Alikuwa amelala."

"Basi."

"Mwaka mzima wa kwanza alikataa kuongea nami. Mama alikuwa akimwekea simu sikioni, namsikia akipumua tu. Nilifikiri nimemwonea huruma."

Madam alikunja fomu, akaitia kwenye mkoba wake, akatoka chumbani. Kwa siku zilizofuata hakunisemesha. Amri zilikuja kupitia kwa baba. "Madam anataka chai." "Madam anasema pasi." Na mara moja, bila kuinua macho kwenye simu yake: "Utaondoka mtoto akiwa amelala, kama wenzako. Halas."

Tulirudi Jeddah. Dereva wa nyumba, mzee wa Machakos aliyekuwa ameendesha magari ya watu kwa miaka mingi, alinisubiri uani nikianika nguo.

"Nimesikia unataka kumuaga mtoto," alisema. "Kwani wewe ni rais, upigiwe saluti erapoti?"

"Nataka ajue naenda. Hiyo tu."

"Akishajua? Dadangu, pasipoti bado iko kwa wenyewe. Ukiwalizia mtoto siku hiyo utapanda ndege ama ni presha itapanda? Funga begi, nyamaza, enda ukalee wako."

Alikuwa akinitakia mema, na kila alichosema kilikuwa kweli. Kila siku nilimtazama mtoto akipigana na usingizi, nikajiambia nitanyamaza, na saa moja baadaye nikajiambia sitanyamaza.

Jumapili ikafika. Ndege ilikuwa ya jioni. Mwanamke mwingine angeletwa na ofisi ya wafanyakazi saa tisa. Adhuhuri dereva alilishusha begi langu, na baba, akielekea msikitini, alisimama mlangoni mwa chumba cha mtoto. "Yalla, mlaze."

Nililala kando yake. Mkono wake ulishika dera langu. Mlango wa mbele ulifunguka, na nikasikia hatua ambazo hazikupaswa kuwa nyumbani saa ile. Madam alikuwa ametoka ofisini. Alisimama koridoni na abaya yake mwilini, pasipoti yangu mkononi, karatasi ya ruhusa imechomoza ndani yake, akatutazama kupitia mlango ulioachwa wazi.

Kope za mtoto zilianguka, zikapanda, zikaanguka. Mara hii zilichelewa kupanda. Dakika mbili zingetosha. Ningetoa pindo vidoleni mwake, jambo nililojifunza kulifanya bila kumgusa, na jioni ningekuwa juu ya mawingu. Nilimtazama madam. Hakusogea. Nikainuka nikaketi, nikamketisha na mtoto.

"Dada anaenda," nilimwambia, kwa Kiswahili, kisha kwa Kiarabu changu kibovu. "Anaenda kwa ndege, mbali. Harudi. Hujafanya kosa lolote."

Alicheka. Alidhani ni mchezo, akajifunika uso kwa viganja ili nipotee, akavifunua ili nirudi. Nilirudia. Akajifunika tena. Nikambeba mpaka dirishani nikamwonyesha gari chini, buti likiwa wazi na begi langu la bluu ndani yake.

Alilitazama begi muda mrefu. Kisha mwili wake wote ukakakamaa mikononi mwangu.

"La," alisema. "La, Dada, la."

Lilikuwa neno lililotoka safi, na baada yake ukaja ukelele. Aliniuma begani. Alishika shingo yangu kwa nguvu ambazo sikujua mtoto wa umri ule anazo, na nikafikiri juu ya baba akirudi, juu ya pasipoti, juu ya jinsi kila kitu kingeweza kufungwa sasa hivi kwa neno moja la mwanamke aliyekuwa koridoni.

Madam aliingia. Uso wake ulikuwa umepauka kwa hasira, au kwa kitu kilicho karibu na hasira. Alitupa pasipoti kitandani na kunyoosha mikono. Mtoto alimkataa. Ilinibidi nibandue vidole vyake kimoja kimoja, na kila nilichokibandua kilinirudia. Madam aliketi sakafuni naye, abaya imezagaa, akampakata kwa nguvu zilizozidi kiasi kidogo, kama mtu aliyeyaandika haya mara nyingi na hajawahi kuyafanya. Teke moja likarusha miwani yake.

"Nenda," aliniambia bila kuniangalia. "Ninaye. Nenda!"

Nilichukua pasipoti nikashuka.

Dereva alikuwa ameshika usukani, dirisha limeteremshwa. Kilio kilijaa uani. "Umemliza kweli," alisema.

"Usiwashe gari kwanza."

"Baba anatoka msikitini sasa hivi. Akitukuta hapa na hizo kelele—"

"Dakika moja, mzee wangu."

Kule juu kilio kilipanda, kikakatika kwa pumzi, kikaanza upya. Katikati yake ilisikika sauti ya madam, nzito, isiyo na uzoefu, ikirudia maneno machache kwa Kiarabu. Sikuyapata mara ya kwanza. Mara ya tatu niliyapata. "Dada ameenda," alikuwa akimwambia binti yake. "Ameenda, harudi. Mimi nipo. Lia, nipo."

"Washa," nilimwambia dereva.

Tulipokata kona mtoto alikuwa bado analia, na mama yake bado anamwambia.