Lebo Husomwa Mwisho

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya misheni, hapa Karatu, Fundi Mkuu alinikabidhi kioo kidogo cha kunyolea, tochi, na gitaa kavu, lile lisilo la umeme, lililopakwa rangi ya bluu ya milango. Nilikuwa mwanamke peke yangu mle ndani, na wenzangu walinitazama kama mgeni aliyekosea nyumba.

"Anna, niambie hili ni aina gani na limetengenezwa lini."

Nikachungulia tunduni, nikasoma lebo, ile karatasi iliyobandikwa ndani ya mgongo, nikamjibu kwa mbwembwe. Akatikisa kichwa. "Umesoma karatasi. Gitaa bado hujalisoma."

Kwake lebo ilisomwa mwisho. Tulianza na mbavu, yaani vijiti vinavyoshikilia uso kwa ndani: katika magitaa tuliyoletewa, za zamani zililala sambamba kama vipago vya ngazi, za baadaye zilipishana katikati. Kisha gundi. Ile ya ngozi, ya kuchemsha, huwa ya kahawia na humeguka kama sukari guru. Nyeupe ya chupa hubaki laini chini ya kisu. Funguo za kukazia nyuzi hakuziamini kabisa, maana kila mtu hubadilisha. Nilimpenda mzee yule pamoja na ukali wake, nasema bila haya.

Miaka ya themanini, nikiwa nimeshapewa meza yangu, aliingia Paulo, mwalimu wa kwaya kutoka Endamarariek, na gitaa mkononi. Nyuma yake alikuja Mzee Lazaro, dereva wa lori wa Wasso. Gitaa lilikuwa la baba yake Paulo. Baba huyo alipougua alimwachia Lazaro, rafiki yake wa kufa na kuzikana, alitunze mpaka mtoto akue.

"Shikamoo, Fundi Mkuu," alisema Paulo. "Hili si la baba. Lebo inasema limetengenezwa baba ameshazikwa. Mzee huyu amelibadilisha. Jumapili nampeleka mbele ya wazee wa kanisa."

Mzee Lazaro alivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili.

"Marahaba. Anna, anza," alisema Fundi Mkuu.

Nikaingiza kioo, nikakigeuzia juu. Mbavu zililala kama ngazi. Gundi ya usoni ilikuwa ya kahawia. Ya mgongoni, nyeupe.

"Uso ni wa aina ya zamani, wa kabla ya Uhuru," nikasema. "Mgeni ni mgongo, na lebo imekuja nao."

Fundi Mkuu akamgeukia Lazaro. "Mzee mwenzangu, mgongo huu umetoka wapi?"

"Lori lilitumbukia korongoni, na gitaa hili nilikuwa nalo. Likapasuka mgongo. Kule Engaresero watalii walikuwa wameacha gitaa lililokatika shingo, nikaliokota, seremala akauhamishia mgongo wake kwenye hili. Niliona aibu, Fundi. Ningemwambiaje mtoto kwamba nimevunja cha baba yake?"

"Na huo uso nitajuaje ni wa baba?" Paulo hakukubali upesi.

Fundi Mkuu akauelekeza dirishani. Chini ya tundu mbao ilikuwa imelika, pana kishimo. "Baba yako akipiga, kidole cha mwisho alikiegemeza wapi?"

Paulo akaweka kidole pale. Akakaa kwenye benchi. "Hapa," alisema. "Alinifundisha hivi hivi." Kisha akainuka, akamwinamia Lazaro. "Baba, nisamehe."

Fundi Mkuu alipostaafu alinirithisha kioo kile. Nami nimeshastaafu, ila vijana hawaniachi; wananionyesha picha ya lebo kwenye simu, "Bibi, hili la mwaka gani?" Nawaambia waniletee gitaa lenyewe. Wananiona mkorofi, na kweli mimi mkorofi.

Tulipomzika Mzee Lazaro, Paulo ndiye aliyepiga gitaa lile kaburini. Mchungaji alipoita watoto wa marehemu waje kuweka udongo, Paulo alililaza gitaa kwenye majani, akaenda kupanga mstari pamoja nao.