Shamba la Kina Bibi Agata

Siku ile, mwanangu, naikumbuka mpaka rangi ya koti nililovaa. Lilikuwa la kijivu, la mitumba, nimelichambua mwenyewe kwenye marundo ya sokoni Morogoro mjini, kwa sababu ilikuwa mara yangu ya kwanza kusimama kuzungumza katika Baraza la Madiwani. Biashara ilikuwa imefunguliwa, mitumba imejaa kila kona, na mtu aliweza kuingia sokoni mkulima akatoka anafanana na mkurugenzi. Nilikuwa kijana bado. Kiwanda nilichofanyia kazi kilikuwa kimepunguza watu, nikarudi nyumbani milimani kulima kabichi na karoti, na vyama vingi vilipokuja, watu wa kata yetu wakanipa udiwani.

Walinipa kwa jambo moja tu. Kata yetu haikuwa na zahanati. Mama akishikwa na uchungu, wanaume walimlaza kwenye machela wakateremka naye kwenye utelezi, mwendo wa saa nne, hadi barabara ya gari. Wengine walijifungua njiani. Mmoja, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, hakufika. Niliwaambia watu: nichagueni, zahanati mtaipata.

Haikupita muda bahati ikaja. Mfadhili alijitolea kutoa saruji na mabati ya zahanati moja. Kata mbili zilikuwa zikiitaka: yangu, na ya Mama Semeni, diwani mtu mzima wa upande wa pili wa mlima. Sharti la halmashauri lilikuwa fupi: kiwanja kiwepo, na wenye ardhi wawe wameridhia. Kikao kilikuwa Alhamisi.

Jumanne nikaenda kwa Mzee Ponsiani. Alikuwa na shamba tambarare kando ya njia, jambo adimu kwetu, ambako ukiangusha boga unalifuata kijiji cha chini. Nilimkuta akipalilia magimbi, nikamwamkia, nikamweleza.

"Ni jambo zuri," akasema. "Lakini mke wangu, bibi yako Agata, yuko Kihonda kule mjini, kaenda kumwona mjukuu. Msubiri arudi."

"Atarudi lini, mzee?"

"Akishiba mjukuu."

Hapa nisimame kidogo nikueleze, maana huenda wewe umekulia mjini. Kwetu Waluguru ardhi hufuata upande wa mama. Ukoo wa kina mama, tunaouita lukolo, ndio wenye shamba. Mwanamume akioa akahamia kwa mkewe, atalima, atavuna na kuzeekea hapo, lakini shamba litabaki la kina mkewe. Sikuwa mgeni wa jambo hili. Kabichi zangu mwenyewe zilikuwa kwenye shamba la mama yangu. Ila miaka ya kiwandani ilikuwa imenizoesha kumtafuta mwanamume mwenye umri na sauti, nikishamwona yeye nahesabu nimemaliza. Nikajiambia: mzee kasema ni jambo zuri, bibi atapinga nini?

Alhamisi nikasimama na koti langu. "Mheshimiwa Mwenyekiti, kiwanja kipo, na wenyewe wameridhia." Madiwani wakagonga meza. Mama Semeni alinitazama juu ya miwani yake, akasema taratibu kwamba kama wenzake wako tayari, watu wake watasubiri mfadhili mwingine. Akaketi. Nami nikaketi, nimejaa kama puto.

Ijumaa nilipanda na kamba ya katani na vigingi, nikapima msingi na wenzangu wawili. Jumamosi mchana tuliporudi tulimkuta Bibi Agata ameketi juu ya jiwe katikati ya shamba. Habari ilikuwa imemfikia Kihonda jioni ileile; akapanda pikapu ya mboga alfajiri, akamalizia kwa miguu. Vigingi vyetu vyote alikuwa ameving'oa na kuvifunga mzigo mmoja safi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, diwani. Hizi kuni umeniletea wewe?"

Wenzangu walicheka. Mzee Ponsiani, aliyekuwa amesimama kando, aliinama kufunga kamba za kiatu, na hakuwa amevaa kiatu.

"Bibi, mzee alisema ni jambo zuri."

"Mzee yupi? Huyu? Huyu alikuja kuoa hapa na jembe moja, nalo la kuazima."

"Ni kweli," Mzee Ponsiani akasema kutoka kule chini alikoinama.

Bibi hakucheka. Aliniuliza kwa upole kabichi zangu nalima shamba la nani. Nikamwambia la mama. "Na mama yako alilipata kwa nani?" Kwa bibi yangu. "Kumbe unajua," akasema, na hapo ndipo nilipotamani ardhi ile inimeze, iwe ya ukoo wowote ule.

Kisha akaniambia maneno ambayo nimezeeka nayo. Alikuwa mkunga wetu, mwanangu; ndiye aliyemshika mkono yule jirani yetu njiani mpaka mwisho. "Zahanati naitaka kuliko wewe," alisema. "Nilikuwa nimengoja miaka yote hii mtu aje aniulize, nimjibu ndiyo. Wewe umeninyima hata hiyo ndiyo yangu. Tena ungeniuliza ningekuambia, masika hapa maji yanatuama mpaka magotini. Wagonjwa wako ungewatibu juu ya mtumbwi?"

Akanipa kazi mbili. Nimtumie habari kaka yake kule Mikese, mkubwa wa lukolo, aje wakae. Na nirudi barazani niseme nilichofanya.

Ya kwanza ilikuwa nyepesi. Ya pili ilininyima usingizi, maana nilijua nikisema ukweli mabati yanaweza kwenda upande wa pili wa mlima, na machela yakaendelea kushuka kutoka kwetu. Kikao kilipofika nikasimama. "Mheshimiwa Mwenyekiti, nilisema wenyewe wameridhia. Sikuwa nimewauliza."

Sauti moja ya nyuma ikasema, "Koti zuri, tatizo ndani." Watu wakacheka sana, na mimi nikasimama nikichekwa. Mwenyekiti akamgeukia Mama Semeni, akamuuliza kama zahanati ihamie kwake. Neno moja tu lingetosha.

"Nimekaa humu miaka mingi," akasema, "sijapata kumsikia diwani akisema amekosea kabla hajakamatwa. Mpeni mpaka kikao kijacho. Akishindwa, mabati ni yangu, na yeye ndiye atakayeyabeba kichwani kuyavusha mlima."

Lukolo ikakaa. Yule kaka yake Bibi Agata alikuja kutoka Mikese, wakaja na kina mama wote wa ukoo. Mimi nilikaa chini kwenye nyasi, nikaulizwa wa mwisho. Walizungumza toka asubuhi hadi jua la utosi, wakatoa eneo la juu zaidi, kwenye mgongo wa mlima, njia za vijiji vinne zinapokutana. Miaka yote nilipita hapo sikuwahi kuwaza. Hata watu wa Mama Semeni waliweza kufika bila kushuka bondeni, naye aliposikia aliniambia sasa anajua kwa nini alinihurumia.

Siku ya kufungua, mgeni rasmi alisoma hotuba ndefu, akamshukuru Mzee Ponsiani kwa moyo wa kutoa ardhi yake. Kina mama wakaangua kicheko. Mzee Ponsiani alisimama, akavua kofia. "Mheshimiwa, mimi hapa ni mkwe. Mwenye shamba ni yule anayegawa ugali." Mgeni rasmi akatoa kalamu mfukoni, akakata mstari ule, akausoma upya mbele yetu na jina la Bibi Agata.

Basi mwanangu, ukipewa kazi ya watu, uwe diwani, mwalimu au mwenyekiti wa mtaa, usimtafute aliye rahisi kukubali. Mtafute mwenye jambo lake, hata kama yuko mbali na kikao ni kesho. Muulize ukiwa tayari kusikia hapana, maana anayeulizwa vizuri mara nyingi hutoa zaidi ya ulichoomba. Na ukiwa umekosea, sema mwenyewe, mapema, palepale uliposema uongo. Utachekwa, kicheko hakiui.

Mungu akupe miguu ya kufika kwa watu na subira ya kuwangoja. Akulinde na haraka ya kusifiwa. Na kila mlango utakaobisha, ufunguliwe na mtu anayefurahi kukuona.